Kiyoyozi cha Chumbani kwa Mama

Januari 8, Jumapili

Kiyoyozi cha chumbani kwa mama kimeanza tena kukoroma. Hewa kinatoa, lakini si ya baridi wala si ya moto, ni ya katikati kama ahadi ya fundi. Maji yanavuja ndani, tumeyawekea ndoo. Mama anasema kimezeeka, tukiache kipumzike.

"Kipumzike vipi, mama, na joto hili?"

"Mimi nimewazaa ninyi wawili bila hicho kidude, na hakuna aliyetoka ameiva."

Tulicheka mpaka machozi. Mume wangu ameshauri tuvumilie msimu huu wa joto uishe, ndipo tununue kingine, kwa sababu wakati huo maduka yanabembeleza wateja na mafundi hawana kazi. Ana hoja. Nimekubali.

Mama anaishi kwangu tangu presha ilipomwanza. Hili ni daftari langu mwenyewe, basi sina haja ya kujificha: najivunia. Dada yangu ana cheo, ana gari, ana nyumba ya ghorofa. Mimi nina mama.

Januari 10, Jumanne

Joto. Kazini kwa dobi ni pasi ya mvuke, nyumbani ni mvuke bila pasi.

Januari 12, Alhamisi

Dada alipita jioni akitoka benki, na zile nguo zake za umeneja ambazo hazijui kukunjamana. Aliingia kumsalimia mama, akatoka anajipepea kwa bahasha.

"Mdogo wangu, hiki kiyoyozi mnakitumia au mnakiombea dua?"

Kumbe yeye amefunga kipya kwenye chumba chake cha wageni. Anasema hakitoi sauti kabisa, mpaka uweke mkono mbele yake ndipo ujue kinafanya kazi. Chumba cha wageni! Wageni gani? Shemeji alifariki mwaka jana, watoto wako mbali masomoni. Kampozea nani?

Jibu lilikuja kabla hajamaliza chai. Jumamosi atamfuata mama akashinde kwake. Nikasema sawa. Ningesema nini?

Januari 14, Jumamosi

Mama alikwenda, binti yangu akamsindikiza. Waliporudi jioni nilimvuta binti jikoni.

"Kwa mama mkubwa kulikuwaje?"

"Kuzuri. Bibi alilala mchana wote."

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Ah, hapa kuna raha.'"

Hapa kuna raha. Niliosha vyombo vyote, hata vile vilivyokuwa safi.

Januari 17, Jumanne

Nimemwita fundi, yule tunayemwita Fundi Baridi. Alitega sikio ukutani kama daktari, akafunga macho, akatikisa kichwa. Kwa maneno yake, kompresa, yaani moyo wa mashine, imechoka ila haijafa, na gesi inavuja mahali asipopaona. "Mama, uamuzi ni wako. Tumtibu au tumzike?"

Nikasema amtibu. Akaongeza gesi, na kabla hajashuka ngazi chumba kilikuwa kimeanza kupoa. Mume wangu aliporudi akaniuliza si tulikubaliana kuvumilia. Nikamwambia huku ndiko kuvumilia kwenyewe.

Januari 21, Jumamosi

Mama kaenda tena kwa dada. Asubuhi aliniomba sweta yake ya kijivu. Sweta! Msimu huu, watu wanalala sakafuni, mama yangu anabeba sweta kama mtu anayekwenda milimani. Huko kwa mwenzangu kuna baridi ya kuvalia sweta, na mimi hapa nimeshangilia gesi ya kuongezwa.

Januari 22, Jumapili

Siku hizi kila habari ya mama inaanzia kwa dada yangu. Kwa dada yako mapazia ni mazito. Kwa dada yako hakuna mbu. Kwa dada yako unasikia saa ya ukutani. Wakati wa chakula nilimwuliza kama huko kwa dada yangu kuna mtu wa kumkanda miguu. Mume wangu alinikanyaga chini ya meza. Mama alimega tonge lake taratibu.

Baadaye nilimkanda miguu kwa muda mrefu kuliko siku zote.

Januari 26, Alhamisi

Dada kapiga simu nikiwa kazini, shuka za hoteli zimejaa mpaka dirishani. Ameongea na duka. Jumatatu watakuja kufunga kiyoyozi kipya chumbani kwa mama.

"Ni zawadi yangu kwa mama," akasema, "wala hamna haja ya kunishukuru."

"Asante, dada, ila sisi tunamudu."

"Najua mnamudu. Lakini kwa nini asubiri?"

"Tunamudu, dada."

Nilikata simu. Mwenzangu wa meza ya pili, tunamwita Kola kwa sababu ndiye bingwa wa kola za mashati, alikuwa amesikia yote.

"Umekataa zawadi ya mama yako?"

"Nimekataa ya dada yangu."

"Hicho ni kijiba cha roho, shoga."

"Sina wivu mimi!"

"Haya. Toa pasi hapo, unaunguza shuka."

Jioni mume wangu akauliza kama kweli tunamudu. Tungemudu kwa kujibana kidogo, ndiyo. Lakini nikinunua sasa, si itaonekana nimenunua kwa sababu yeye amesema? Kwa hiyo kile chakavu kitabaki mpaka nitakapoamua mwenyewe, kwa wakati wangu. Mume wangu alinitazama, akachukua gazeti.

Januari 31, Jumanne

Gesi imekwisha tena. Fundi Baridi kaongeza tena, safari hii bila kutega sikio. "La kuvunda halina ubani," alisema mume wangu, si kwa sauti kubwa.

Februari 1, Jumatano

Hakuna upepo kabisa. Majani hayatikisiki.

Februari 3, Ijumaa

Naandika usiku.

Saa za mchana, katikati ya shuka, mwenye dobi aliniita kwenye simu ya ofisini. Alikuwa binti yangu, karudi kutoka shule. "Mama, bibi yuko chini, hataki kuinuka." Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka tu nilikuwa bado nimevaa aproni, na watu wananipisha njia.

Nilimkuta mama amelala kwenye vigae kando ya kitanda, kanga imelowa jasho, midomo imekauka. Kiyoyozi juu yake kinapuliza kwa nguvu zote, na kinachotoka ni moto. Kompresa ilikuwa imekufa, feni yake tu ndiyo inazunguka, inampulizia mama yangu joto la mchana kutwa, na yeye hakuthubutu kukizima kwa sababu niliwahi kumwambia asiguse rimoti, asije akaharibu.

"Niko sawa," akaniambia. "Nimefuata ubaridi wa sakafu."

Na dada alikuwa pale. Amepiga magoti, nguo zake za umeneja sakafuni, anamlowesha mama shingo kwa kitambaa. Binti yangu alimpigia yeye kwanza. Mtoto hana kosa, dada ana gari. Lakini roho iliniuma hapo hapo, mama akiwa chini, roho yangu ikapata nafasi ya kuuma kwa jambo hilo. Sijui mimi ni mtu wa namna gani.

Zahanati walimtundikia maji. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alisema maji yalimwishia mwilini na presha ikashuka, asiachwe tena kwenye joto la namna hii.

"Anaishi na nani?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema dada.

Tulisema kwa pamoja. Daktari akatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema basi tuelewane.

Hatukuelewana. Nje, kwenye korido, dada aliongea kwa ile sauti ya kutuliza wateja. "Anakuja kwangu. Si suala la kubishana." Nikasema chumba kitatengenezwa kesho. Akasema, "Umekuwa ukikitengeneza tangu mwezi uliopita." Nilirudi ndani kwa mama pale kitandani, nikamsubiri aseme neno, hata moja tu, aseme anataka nyumbani. Mama aliangalia dripu inavyodondoka.

Dada kaondoka naye. Nimerudi, nimezima kiyoyozi, nimemwaga maji ya kwenye ndoo. Kitanda chake bado kina kilima na bonde lake.

Februari 5, Jumapili

Nilikwenda kumwona. Amekaa kwenye kochi kama malkia, sweta mabegani, rangi imemrudia. Dada alimletea uji kwenye kikombe cha maua, akaupoza kwa kijiko kabla hajampa. Hiyo ni kazi yangu.

Nikasema naenda nje kuanika kitambaa cha kumfutia mama mdomo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: nikaenda nyuma ya nyumba, nikainama mbele ya mashine ya nje ya kiyoyozi chake mpaka kichwa kikagusa ukuta, nikasoma kwenye kibandiko nguvu yake yote. Nimeikariri. Jirani aliyekuwa anafua alinisalimia nikiwa katika hali hiyo, nikamwambia nimeangusha kipini.

Februari 6, Jumatatu

Uamuzi umefika na haukuwa wa mume wangu, wala wa fundi, wala wa hali ya hewa. Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda dukani. Muuzaji akauliza chumba kina ukubwa gani. Nikampa vipimo vya sebule yetu. Nilikuwa nimeshapima, usiniulize kwa nini. Akaonyesha mashine ya nguvu sawa na ya dada.

"Kubwa kuliko hiyo?"

"Ipo, ila hiyo ni ya ukumbi mdogo, mama. Watu wa kanisa ndio wanainunua, na watu wa msikiti."

"Hiyo hiyo."

Februari 8, Jumatano

Fundi Baridi kashusha kile cha zamani. Ukutani kimeacha alama nyeupe ya pembe nne. Alipofungua boksi la kipya akasimama, akatazama kitanda, kabati, kiti kimoja na dirisha moja.

"Umenunua basi zima, mama, kumpeleka mtu mmoja sokoni."

"Wewe funga."

"Kitapoza haraka mno, halafu..."

"Si ndiyo kazi yake? Funga."

Akafunga. Kinachukua karibu nusu ya ukuta. Mume wangu alisimama mlangoni, akauliza kama mama atatosha humo ndani pamoja nacho. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Februari 11, Jumamosi

Mama karudi! Nilimpigia dada nikamwambia chumba kiko tayari, aje aone kwa macho yake. Alimleta mwenyewe, kambebea na kimkoba chake. Akafika mlangoni, akainua uso, akakitazama.

"Kikubwa," akasema.

Neno hilo nililisubiri wiki nzima. Nilimkaribisha chai, nikampa kikombe kizuri, nikamwongezea sukari bila kuulizwa. Alipoaga alimkumbatia mama muda mrefu. Nilidhani anatafuta cha kukosoa.

Februari 12, Jumapili

Baridi safi. Mama kalala. Mimi nimelala mshindi.

Februari 14, Jumanne

Kuna jambo. Kiyoyozi kinawaka kwa kishindo, chumba kinakuwa friji kwa muda mfupi tu, kisha kinajizima. Kikishajizima hewa inabaki nzito, ya majimaji. Kisha kinanguruma tena. Mama anashtuka kila kinapoamka.

Februari 16, Alhamisi

Nimegusa shuka za mama asubuhi. Mimi shuka lisilokauka nalijua hata nikiwa usingizini, ndicho kibarua changu. Shuka za mama zina unyevu. Mto una unyevu. Kabati limeanza kunuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni.

Nilimwita fundi. Kasema hiki kinapoza kabla hakijapata muda wa kuikausha hewa, kingekuwa kidogo kingefanya kazi taratibu na kukausha vizuri. Nimepandisha nyuzijoto, nimeshusha, nimebonyeza kila kitufe cha rimoti. Ni yale yale.

Februari 18, Jumamosi

Magoti yanamuuma mama. Amevaa sweta, soksi na kilemba, mchana kweupe. Kutwa anashinda sebuleni na sisi, kwenye joto, anatoka jasho kwa furaha. Mume wangu anampepea kwa gazeti lake.

Februari 19, Jumapili

Dada kapiga simu kumsalimia mama. Nimemwambia mama anaendelea vizuri sana, analala kama mtoto. Nyuma yangu mama akapiga chafya.

Februari 23, Alhamisi

Leo nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama amekaa ukingoni mwa kitanda na kimkoba chake miguuni.

"Mwanangu, nipeleke kwa dada yako."

Nilikuwa nimechoka, nguo zinanuka wanga na moshi wa pasi, nikasahau adabu. Nikamwambia kama shida ni mashine nitaibadilisha hata kesho. Nikamwambia nimejinyima kwa ajili yake. Nikamwuliza huyo dada amempa nini ambacho mimi sijampa, nani alimwogesha alipokuwa hawezi kunyanyua mkono, nani anajua dawa ya asubuhi na dawa ya jioni. Maneno yalitoka mfululizo. Binti yangu alisimama mlangoni, nikamfukuza.

Mama aliniacha nimalize.

"Kaa," akasema. Nikakaa. "Hii baridi yenu mimi siipendi. Hii yako siipendi, ya dada yako siipendi. Kule nilikuwa najifunika sweta, nafumba macho, najifanya nimelala."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nikilala anakaa kando yangu, anaongea. Anadhani simsikii. Anaongea na marehemu mumewe. Anamwambia leo benki kulikuwa hivi, leo mtoto kapiga simu, leo nimepika. Chungu kizima anapika, mwanangu, halafu anakitazama. Redio anaiwasha kila chumba, na taa zote, mchana."

Nilikumbuka kile chumba cha wageni, na jinsi nilivyocheka moyoni kwamba kampozea nani.

"Hapa nikiondoka," mama akaendelea, "utabaki na mumeo anayekukanyaga chini ya meza, na huyu binti yako mdaku anayetega sikio mlangoni. Wewe una watu. Mwenzio ana kiyoyozi."

Ningependa kuandika kwamba wivu uliniisha pale pale. Haukuisha. Nililia kwa kumhurumia dada, na nikilia hivyo hivyo nikawa nafikiri: kwa hiyo kuachwa mpweke ndiko kunakompa mtu mama? Kumbe kuwa na watu ni hasara. Nilimkanda mama miguu mpaka chakula kikaiva, na hatukuongea tena habari hiyo.

Februari 24, Ijumaa

Nimemwambia mume wangu. Akaniuliza kama nataka amzuie mama. Nikasema nataka, lakini asimzuie.

Februari 25, Jumamosi

Asubuhi Fundi Baridi alihamishia lile basi langu la kiyoyozi sebuleni, kwenye chumba ambacho vipimo vyake ndivyo nilivyovipeleka dukani. Tukiacha wazi mlango wa koridoni, kinafanya kazi vizuri mno, taratibu, bila kushtuka. Chumbani kwa mama tumeweka feni. Joto likiisha tutanunua kiyoyozi kidogo kwa ajili ya siku atakazokuja, kama alivyosema mume wangu tangu mwanzo. Hakunikumbusha kwamba alisema. Nimempenda kwa hilo.

Nguo za mama nimezipiga pasi zote mwenyewe, hata zile za ndani, nikazipanga. Dawa nimezitenga za asubuhi na za jioni. Sweta nimeiweka juu.

Dada alifika mchana. Hakuja na nguo za umeneja, alivaa dera lililopauka, na bila zile nguo anafanana na mama kuliko ninavyofanana naye mimi. Hilo nalo liliniuma. Nikamwonyesha dawa, nikamwambia uji apewe ukiwa vuguvugu, magoti yasipigwe na upepo, na rimoti aachiwe mwenyewe. Aliitikia kwa kichwa kila neno kama mwanafunzi. Mama alikwishaingia garini na binti yangu alikuwa anamfunga mkanda.

Pale barazani dada akanishika mkono. Nikajua sasa atanishukuru kwa ile sauti ya wateja, nikajiandaa kuudhika.

"Nikuambie kitu, usinicheke?" akasema. "Akiwa kwangu ananiita jina lako. Kila siku. Nampa maji, ananishukuru kwa jina lako. Namfunika, anasema asante, na jina lako. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa, lakini nikiwa naye najiona kama nimekushikia nafasi tu. Miaka yote nimekuwa nakuonea wivu, mdogo wangu. Kile kiyoyozi nilikifunga ili aje. Sikuwa na kingine cha kumwitia."

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwanza. Furaha ilinipanda mpaka masikioni, nikatamani aliseme tena, pole pole, nisikie kila neno. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa nimeshinda tangu zamani bila kujua, bila mashine yoyote.

Kisha nikamwona alivyosimama, na mkoba wa mama begani, anaogopa kunitazama.

"Hata hapa ni hivyo hivyo," nikamwambia. "Mimi ananiita jina lako."

"Kweli?"

"Kila siku, dada. Mpaka nimechoka kumsahihisha."

Alicheka, akajifuta macho kwa kiganja, akashuka kwenda garini. Mama alinipungia mkono dirishani, akaniita kwa jina langu, akaniambia nisisahau kula.

Jina la dada hajawahi kuniita, hata siku moja.